Tazama Mwezi Kwanza, Ndipo Upande Matatu

Msafiri wa Pwani amezoea kungoja. Gari la Malindi haliondoki mpaka lijae, daladala ya Makunduchi husimama kwa kila mkono ulioinuliwa, na feri ya Likoni huja inapokuja. Safari nyingi huvumilia hayo. Ukichelewa kwa shangazi, chakula utakikuta kimefunikwa; ukichelewa harusini, utakuta ngoma ndiyo kwanza inaanza. Anayekwenda kutembea mikokoni hana bahati hiyo, kwa sababu mwenyeji wake ni maji, na maji hayamngoji mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mtwapa.

Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia mahali ambapo wengi hawaanzii. Kabla ya kuuliza nauli, kabla ya kuuliza gari linapandiwa wapi, uliza leo mwezi una siku ngapi. Mengine yote, viatu, chakula, hata kiti utakachokaa ndani ya matatu, yatapangika ukishajua maji yatakuwa wapi saa utakayofika.

Safari yenyewe ni ya mtu wa kawaida. Mbuga za bara hudai gari la kukodi na siku kadhaa. Mikoko iko jirani na barabara kuu: kutoka Malindi hadi Lunga Lunga, na kutoka mjini Unguja hadi Makunduchi, kuna mahali magari ya abiria hupita karibu kabisa na maji ya chumvi, na vijiji kadhaa vimejenga madaraja ya mbao yanayomwingiza mgeni katikati ya miti bila kulowa. Mwenye nauli ya kwenda na kurudi, pesa ya kiingilio na subira ya njiani amekwisha kujitosheleza.

Hesabu ya maji

Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kila kukicha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo.

Wavuvi wanajua jambo moja zaidi, nalo ndilo linalomfaa mtembezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, na hupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Ndivyo ilivyo kila bamvua, mwaka mzima. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne hadi saa sita maji yamejaa, na hupwa alfajiri na jioni. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni inakupa pia saa za bahari. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo ni za bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni za maji mafu. Siku za katikati, ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita nawe hutakosea kwa mbali. Anayetaka uhakika wa dakika atafute jedwali la maji la bandari iliyo karibu, akikumbuka kwamba ndani ya hori maji huchelewa kuliko bahari kuu, kwa sababu hupita kwenye mlango mwembamba.

Hesabu nyingine ni ya usalama. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda polepole, na hapo ndipo mgeni hujiona ana muda. Saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote, na siku ya bamvua nusu hiyo hupita mita moja na nusu. Mifereji midogo uliyoivuka kwa miguu mikavu ndiyo hujaa kwanza, nyuma yako. Ukiwa nje ya daraja la mbao, geuka maji yanaposimama. Usingoje uyaone yakirudi.

Pa kwenda

*Mida, kwa anayependa ndege.* Hori la Mida liko Kilifi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Kutoka Mombasa panda gari la Malindi na umwambie konda akushushe Mida, kabla ya kufika Gede. Kutoka barabarani unaingia kwa miguu hadi kwenye daraja la kuning'inia linalosimamiwa na wanakijiji. Linapita kati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda kinachotazama tope wazi. Kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili, tope hilo hujaa wageni: vitwitwi na sululu waliotoka kaskazini ya mbali, hadi Siberia, na yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene ambaye chakula chake ni kaa. Huyu huzaliana katika mashimo anayochimba mchangani pande za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha hushukia kwetu kwa makundi.

Mida usiende maji yakiwa yamepwa kabisa, maana ndege watakuwa mbali na utabaki kuhesabu vidoa. Nenda yakipanda. Siku ya bamvua, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, maji huwasogeza ndege upande wako kidogo kidogo, na jua limekaa mgongoni mwako, si machoni. Tope likishafunikwa lote, wataruka kwenda kulala na onyesho limekwisha.

*Gazi, kwa wenye watoto na wazee.* Gazi iko Kwale, kati ya Ukunda na Msambweni. Vuka Likoni kwa feri, ambayo waendao kwa miguu hawailipii, kisha panda gari la Msambweni au Lunga Lunga, ushuke njia panda ya Gazi na kuchukua bodaboda hadi kijijini. Daraja la mbao la akina mama wa Gazi lina urefu wa mita kama 300, nao ndio wanaolitunza na kulitoza kiingilio. Ukiwaagiza mapema wanakupikia chakula cha Kiswahili, nawe uagize, maana kijijini hakuna hoteli ya kukimbilia njaa ikikuuma.

Gazi ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kwa wanunuzi wa nje hesabu ya hewa ya ukaa ambayo msitu huo huifyonza. Pesa zake zimeingia katika maji ya kijiji na vifaa vya shule. Mwambie mwongozaji akuonyeshe miti iliyopandwa miaka ya 1990, halafu akuonyeshe ile iliyojiotea yenyewe. Ukiyatazama makundi yote mawili kwa siku moja utaelewa kwa nini watu wa hapa hukasirika wakiona shoka. Hapa maji yaliyopwa ndiyo mazuri, kwa hiyo chagua asubuhi ya bamvua.

*Jozani, kwa anayeanza.* Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, na hakuna iliyo rahisi kuifikia kuliko hiyo. Daladala za Makunduchi, Jambiani na Bwejuu hupita mlangoni mwake, kilomita kama 35 kutoka mjini. Vituo vya daladala vya mjini vimehamishwahamishwa miaka ya karibuni, basi uliza siku moja kabla, usitegemee kumbukumbu za zamani. Kiingilio kimoja hukupa mwongozaji, msitu wa mitondoo uliokaa juu ya maji ya ardhini, kima punju wasiopatikana penginepo duniani ila Zanzibar, na daraja la mbao katika mikoko ya Pete. Maji yakiwa yamepwa utaona mizizi na kaa. Yakiwa yamejaa utaona samaki wachanga wakipita chini ya miguu yako. Kwa sababu hiyo Jozani ndiyo ya kuiendea siku za maji mafu, wakati kwingine hakukufai. Kima usiwape chakula, hata wakikukaribia kiasi cha kukutia tamaa.

*Sabaki na Kaole, kwa aliyekwisha zoea.* Mlango wa mto Sabaki uko kaskazini mwa Malindi. Gari la Mambrui hukuvusha daraja la mto, na kutoka hapo ni mchanga, tope na upepo. Heroe huonekana hapa, na membe hutua kwa mamia. Hakuna njia ya mbao, na mtoni kuna viboko, kwa hivyo usiende bila kijana wa pale anayejua walikolala, na usipite karibu na matete alfajiri wala magharibi. Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo. Basi kutoka Dar es Salaam, kisha bodaboda. Watu huenda kutazama magofu ya misikiti na makaburi ya kale, wakarudi. Wewe endelea mpaka upande wa bahari, uone jinsi tope na mikoko ilivyoimeza bandari iliyoutajirisha mji ule.

Barabarani

Mpangie konda kazi yake mapema. Mtajie unaposhuka unapolipa nauli, na umkumbushe mkikaribia, maana muziki ukiwa juu hakuna anayekusikia. Usikae kiti cha nyuma kabisa kama unashuka njiani. Utawapanda watu wanane ukitoka. Nauli muulize abiria mwenzako, hasa mama mwenye kikapu anayesafiri kila wiki, na uwe na pesa ndogondogo. Kwenye magari ya mbali usishangae kutozwa nauli ya hadi mwisho wa safari hata kama unashuka kabla. Ni kawaida ya njia hiyo, na kubishana hakulipunguzii gari mwendo wala nauli.

Kurudi kuna ujanja wake. Magari yanayotoka Malindi hupita Mida yakiwa yamejaa, na dereva hakuoni. Chukua bodaboda au tuktuk hadi Gede, upande pale watu wanaposhuka. Gazi hivyo hivyo: kama barabarani hapasimami kitu, rudi hadi Ukunda kwa hatua. Unguja, mwulize konda aliyekuleta daladala ya mwisho hupita saa ngapi, kisha utoe saa moja katika jibu lake. Jua la kwetu huzama haraka, na barabara ya mikokoni si pa kungojea gari gizani. Ukiwa umesimama kando ya barabara kufikia saa kumi na moja, hujachelewa.

Msimu nao una neno. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za udongo za kuingilia vijijini huteleza na mbu huongezeka. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, kuna joto kali lakini ndege wamejaa. Kusi huleta ubaridi wa kupendeza na mawingu, ila ndege wengi wa ugenini watakuwa wamekwenda kwao.

Miguuni na mkobani

Ndara huachwa topeni. Utaivuta mara ya kwanza, mara ya pili itakatika. Miguu mitupu nayo ni hatari, kwa sababu chaza hung'ang'ania mizizi na makombe yao hukata. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba, ambazo hutazililia zikiharibika, na ubebe kandambili za kubadilisha kwa ajili ya safari ya kurudi. Konda atakushukuru, na jirani yako wa kiti zaidi.

Kanga au leso usiiache nyumbani. Itakuwa kilemba cha jua, taulo, kitambaa cha kukalia, na stara ukipita kijijini. Vaa mikono mirefu, maana visubi wa mikokoni hawasikii harufu ya manukato wala hawaogopi mtu mkubwa, na ujipake dawa ya mbu kabla ya kuingia, si baada ya kuumwa. Simu iweke ndani ya kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na Kenya tangu Juni 2020 hairuhusu hata chupa za maji za kutumia mara moja ndani ya hifadhi na fukwe za hifadhi. Beba chupa yako ya kujaza, na iwe kubwa, kwa sababu ukishaingia kati ya miti upepo hukatika na jasho halikauki.

Kitambulisho nacho kiwe mfukoni. Hifadhi nyingi hutoza raia na wakaazi kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, lakini mlinzi wa mlangoni haamini lafudhi, anaamini kadi.

Macho yatazame nini

Wengi hutembea daraja zima kwa dakika kumi, wakapiga picha mwisho wake, wakarudi. Walipie mwongozaji, mtembee polepole, na mwanze na miti. Kenya kuna aina tisa za miti ya mikoko, na mtu mwenye subira anaweza kuzitambua tano katika matembezi mamoja. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mafundi wa majahazi huupenda kwa mataruma. Mkoko wenyewe ndio ule uliosimama juu ya mizizi yake kama mtu mwenye magongo, na mbegu zake huota zikiwa bado juu ya mti, zikaning'inia ndefu na za kijani mpaka zidondoke zikiwa miche tayari. Mchu hutoa vijiti vya kupumulia vinavyochomoza topeni kila upande. Lamba jani lake uonje chumvi ambayo mti umeitoa nje. Muia ndio uliotoa nguzo nyingi nzuri, na mkandaa, mfupi na wenye magome mekundu, ndio uliotia rangi ngozi na nyavu. Ukiona tunda la mviringo, zito, linalokaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto, umesimama chini ya mkomafi.

Miti hii imejenga nyumba zetu. Wakataji waliipanga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na majahazi yaliipakia Lamu kuipeleka Uarabuni mpaka Kenya ilipozuia usafirishaji huo mwaka 1982. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe. Ukirudi mjini, tazama dari ya nyumba ya kale, utazitambua.

Kisha inama. Simama bila kusogea kwa dakika tano na tope litaanza kutembea. Kaa madume wenye gando moja kubwa watatoka mashimoni na kulipunga, tondo watajikokota juu ya majani yaliyooza, na samaki wadogo wenye macho ya juu watarukaruka kwa mapezi nje ya maji. Kila shimo la kaa huingiza hewa na maji chini ya ardhi, na majani wanayoyavuta shimoni ndiyo mbolea. Mtu anayekanyaga ovyo nje ya njia huyafukia yote hayo, na hukanyaga miche ambayo haijafika gotini.

Adabu ya kijiji

Mikokoni ni mahali pa kazi. Utakuta akina mama wakiokota chaza na tondo, na watu wakiwinda kaa kwa ndoana ya chuma. Anza na salamu, za watu wazima kwa shikamoo, na uombe ruhusa kabla ya kuelekeza kamera. Ukiwa na lako la kuuliza kuhusu bei ya kaa au njia ya kuingilia, waulize. Hakuna mwongozo ulioandikwa unaojua zaidi. Vijiji hivi vingi ni vya Waislamu: stara inatakiwa, Ijumaa mchana waongozaji watakuwa msikitini, na Ramadhani usile barabarani.

Lipa kiingilio kizima na uombe risiti. Mbao za daraja huoza kwa chumvi na hubadilishwa kwa pesa hiyo hiyo. Ukikuta ubao uliolegea, mwambie mtu wa mlangoni. Makombe na makoa usinunue, hata yakiwa yamepangwa vizuri kwenye meza; kila kombe tupu lilikuwa na mwenyewe, na lingepata mwingine.

Safari ya kwanza

Kwa anayekaa Mombasa na hajawahi, ningempangia hivi. Fungua kalenda utafute Jumamosi inayoangukia tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, za mwezi mwandamo, nje ya masika. Katikati ya wiki tafuta namba ya akina mama wa Gazi, uwapigie kuagiza chakula na kuuliza kama daraja liko sawa. Jumamosi uwe Likoni saa moja asubuhi, ili saa tatu na nusu uwe kijijini. Saa nne hadi saa sita tembea mikokoni, wakati maji yako chini kabisa. Kula, pumzika, swali kama unaswali, na saa tisa uwe barabarani. Jumamosi ya bamvua inayofuata nenda Mida, safari hii ukitoka nyumbani saa nne, ukutane na maji yanayopanda. Anayekaa Unguja aanze na Jozani siku yoyote, kisha arudi siku ya maji ya namna nyingine aone tofauti.

Usipoipata Jumamosi ya namna hiyo mwezi huu, au mvua ikikuzuia, usilazimishe safari kwa sababu tu umeshaomba ruhusa kazini. Panga upya. Kati ya bamvua na bamvua hapapiti zaidi ya wiki mbili.